Miwani Niliyoichagua kwa Uzuri Wake

Nilipoamua kuwa fundi wa kuchomelea vyuma nilikuwa tayari nina wajukuu, na jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kujua mashine yawashwa wapi, ni kwenda kujitazama kwenye kioo cha kabati nione miwani itanikaaje usoni. Hivyo ndivyo nilivyoanza, na nayaandika mwenyewe kabla shoga yangu hajayasimulia kwa jinsi yake.

Skuli nilikwenda kidogo tu. Lakini majina siyasahau. Nikikutana leo na mtu niliyemwona mara moja harusini zamani, nitamwita kwa jina lake, na la babake, na la mama aliyempaka bibi harusi hina. Humu lakini sitamtaja mtu. Wengine wako hai na ndimi zao ziko hai zaidi. Mtaniwia radhi nikisema mume wangu, shoga yangu, mwenye chumba. Majina yao yako kifuani, yametulia.

Mume wangu ndiye aliyekuwa fundi wa kweli. Ujana wake aliumalizia Liwatoni akiunga vyuma vya maboti ya uvuvi, kisha akakodi chumba cha chini mtaani kwetu Kibokoni, mlango ukitazama kichochoro, akafungua karakana. Ilikuwa miaka ya tisini, na watu walikuwa wameingiwa na hamu ya grili. Hata dirisha lisilopitisha paka lilitaka grili. Kazi haikumpungukia. Kilichompungukia ni macho. Ngao yake ya uso ilikuwa na kioo kilichopasuka, akakifunga kwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme, na ikiwa kazi ni ndogo hakujisumbua hata kuivaa: alifumba macho, akageuza uso, akagusisha. "Nukta moja tu," ndiyo yalikuwa maneno yake. Nukta moja leo, nukta moja kesho. Mwisho daktari akamwambia jicho la kulia limeingia mtoto wa jicho, la kushoto nalo lachungulia tu, na ule mwanga asiusogelee tena.

Asubuhi aliendelea kushuka vilevile. Alifungua mlango wa karakana, akaketi kwenye stuli, akavipapasa vyuma vyake kimoja kimoja kama mama anayegusa vichwa vya watoto walioingia ndani. Wazee wenzake walipita wakamsalimu, wakakaa kidogo, wakabishana juu ya bei ya samaki. Adhuhuri alifunga. Kulikuwa na siku alishikwa na homa akabaki juu nyumbani kwetu, nyumba ya pili na karakana, akaugeukia ukuta kutwa nzima. Hata chai aliinywa akiutazama ukuta. Hapo nikajua kwamba mtu huyu kinachomwamsha kitandani si mimi, ni chumba kile.

Sasa mwenye chumba. Alikuwa bibi mmoja mjane, mkubwa kwetu kwa umri, akikaa orofa ya juu ya karakana. Asubuhi moja aliniita kutoka dirishani, nikapanda kumwamkia.

"Sabalkheri, bibi."

"Sabalkheri, mwanangu. Keti. Mimi na mumeo hatuna neno, Mungu shahidi. Lakini mlango wafunguliwa, akaa mtu, wafungwa. Chumba kile nilikitoa kiwe cha kazi. Kuna kijana akitaka aweke vinyago, twiga na vifaru, awauzie wazungu wanaotoka kuzuru Ngomeni."

"Twiga, bibi?"

"Na vifaru. Sasa nisikize. Nikisikia chuma kinalia humo chini, basi, sina haja na kijana. Nisiposikia, mfungo wa Ramadhani ukiingia nampa ufunguo."

Nilishuka ngazi zile nikihesabu siku. Mfungo haukuwa mbali. Tulikuwa tumekwisha kujaribu kuajiri. Kijana mmoja wa bara, hodari, mpole, alitufanyia kazi kidogo kisha bandarini wakamchukua. Wa pili mume wangu alimfukuza mwenyewe kwa sababu alipiga mluzi akifanya kazi, na mume wangu alisema mluzi unamzuia kusikia chuma. Nikadhani ni ujeuri wa uzee. Sikujua alikuwa anasema kweli tupu.

Jioni ile nilikuwa nimekaa kando ya karai langu mlangoni, maana nilikuwa nikiuza bhajia na viazi karai, naye ameketi karibu yangu. Nikamweleza maneno ya bibi. Aliuelekeza uso ukutani. Nami nikaona ukuta ule ule wa siku ya homa, basi likanitoka:

"Nitachomelea mimi."

Alicheka hadi akakohoa, ikabidi nimpe maji.

"Wewe? Wewe uliyekuwa ukimwita jirani aje akuwashie kiberiti?"

"Hayo ni ya uari, nilipokuwa msichana. Sasa kila siku nakaa na mafuta yanayochemka mbele ya kifua."

"Mama, karai lakuunguza kidole. Mwanga ule wakula mato."

Watu wa zamani wa Mombasa husema mato, si macho, na mume wangu alikuwa wa zamani tangu kuzaliwa. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya fundi.

"Kama ni kweli wataka, kioo kwanza. Kioo cheusi namba kumi, na kioo cheupe cha kukilinda kwa mbele. Ngao ya uso mzima. Glavu za ngozi. Nguo ya pamba. Vijiti vya kuchomelea, vyembamba, vya kujifunzia. Na usiguse mashine mpaka nikishike hicho kioo kwa mkono wangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Niliyosikia ni kioo, glavu na vijiti. Hayo mengine yalipita, kwa kuwa nilikuwa nishaanza kufikiri ni mtandio gani utakaopatana na kioo cheusi.

Kesho yake nikaondoka na shoga yangu. Shoga yangu huyu hakuwahi kukataa safari ya dukani, hata ikiwa ni duka la misumari. Mwenye duka alikuwa Mhindi mnene mwenye sauti nyembamba, Kiswahili chake cha hapahapa.

"Karibuni mama. Niwape nini?"

"Vitu vya kuchomelea vyuma," nikasema.

"Nani achomelea?"

"Mimi."

Akamtazama shoga yangu kama mtu aombaye shahidi.

"Usinitazame mimi," shoga akasema. "Mimi nimemsindikiza tu."

Akapanga juu ya meza vitu vitatu. Cha kwanza ni ngao ya kichwa, nyeusi, kubwa, kama ndoo iliyokatwa nusu. Nilikataa hata kuishika. Cha pili ni ngao ya mkono, ina mpini kama upepeo, nikaona hiyo ni afadhali ila nitashikaje upepeo na kijiti pamoja. Cha tatu, ah! Miwani midogo ya vikombe viwili vya mviringo, vioo vya kijani, na mkanda wa mpira wa kupitisha nyuma ya kichwa. Nikaivaa juu ya mtandio.

"Yakukaa!" shoga akasema. "Wallahi kama rubani."

"Kweli?"

"Geuka. Kama rubani mwenyewe."

Mwenye duka akakohoa. "Mama, hiyo ni ya gesi. Wewe wachomelea kwa gesi au kwa umeme?"

"Umeme."

"Basi hiyo siyo. Mwanga wa umeme mkali mno, na uso wote wataka kufunikwa."

Sasa mimi nilikuwa na jiko la gesi nyumbani, na kwa dada yangu Tononoka nilikuwa nimepikia jiko la umeme, na bhajia ziliiva kote sawasawa. Nikamjibu kwa ujuzi wangu huo wote:

"Moto ni moto, bwana. Chakula hakiulizi."

"Mama, mimi nauza tu. Lakini mzee wako akija kunigombeza nitamwambia nilisema."

"Mwambie."

Glavu za ngozi nilizinusa, zilinuka kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani, nikaziacha, nikachukua za mpira, nyepesi, rangi ya waridi. Vijiti alinionyesha vyembamba na vinene. Nikachukua vinene, kwa hesabu ya mke wa nyumba kwamba kinene chadumu zaidi. Nilitoka dukani nikijiona nimemshinda Mhindi kwa kila kitu.

Alasiri mume wangu alipochukuliwa na jirani kwenda msikitini, nikamwambia shoga, "Sasa." Nilitaka arudi akute chuma kinalia. Najua alisema nisiguse mpaka ashike kioo, lakini nilidhani akisikia chuma atasahau kioo. Nikajipaka wanja mwingi juu na chini, kwa kuwa tangu utotoni tuliambiwa wanja huyakinga macho na jua, na nikaona kinga mbili ni bora kuliko moja. Nikavaa buibui langu jipya la kung'aa, maana wanaume hupita kichochoroni. Nikavaa miwani. Nikavaa glavu za waridi. Shoga akasimama mlangoni na upepeo wake mbele ya uso.

Mashine ikanguruma. Nikashika kijiti, nikagusisha. Hakuna. Kwa vile vioo vya kijani nilikuwa sioni vizuri kijiti kiko wapi, nikainua miwani kidogo ili nione, nikagusisha tena, na hapo dunia ikawa nyeupe. Nikashusha miwani. Kijiti kikanata kwenye chuma kama chapati kwenye kikaango kikavu, nikavuta, hakitoki, nikavuta na meza, meza ikaja. Kikabanduka. Nikainua miwani nione nilipoharibu, nikagusisha tena. Na tena. Cheche zikaruka.

"Shoga!" shoga akapiga kelele. "Wawaka!"

"Wapi?"

"Kila mahali!"

Buibui lilikuwa la nailoni. Kila cheche ilipotua iliacha tundu, na pembeni ya tundu uzi ukajikunja ukawa kishanga kigumu. Kidole kimoja cha glavu kikaanza kulainika, nikaitupa glavu, ikamwangukia shoga miguuni, akaruka nayo hadi nje ya mlango. Nilipozima mashine, vile vipande viwili vya chuma nilivyotaka kuviunga vilikuwa bado viwili, ila sasa kila kimoja kimetapikiwa.

Mume wangu akarudi. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Nani ameunguza nailoni humu?"

"Hapana mtu," nikasema, na miwani nimeificha chini ya makalio.

Alipapasa mashine, akakuta ni ya moto, akaondoa mkono polepole, akaketi kwenye stuli yake.

Baada ya magharibi mchanga ukaja. Anayejua anajua, asiyejua, Mungu amnusuru. Ni kama mtu amekuchotea mchanga wa pwani, akaukaanga, akakutilia chini ya kila kope. Nikifumba wakwaruza, nikifumbua wakwaruza. Machozi yalikuwa yakishuka na ule wanja wote, hadi kwenye kikombe cha chai.

"Mchanga?" mume wangu akauliza gizani mwake.

"Mchanga."

"Ulitazama bila kioo."

"Kidogo."

Aliinuka. Nikasikia miguu yake ikienda jikoni, ikagonga ndoo, ikaendelea. Nikasikia kisu. Yeye asiyeona alikata kiazi kibichi kutoka beseni langu la biashara, akaja akaniwekea vipande viwili baridi juu ya macho, na mkono wake ukatulia pale juu ya paji la uso wangu. Tukakaa hivyo, nyumba nzima haina jicho.

"Kesho nampa bibi ufunguo wake," akasema.

"Nitajifunza. Nilikosea miwani tu."

"Sikiza. Mato yako ndiyo yanipelekayo msikitini nikikosa mtu. Ndiyo yanisomeayo chupa za dawa. Chumba na kiende kwa twiga. Sitaki kununua chumba kwa mato yako."

Nililia, na haikuwezekana kujua kilio ni cha mchanga au cha chumba. Shoga aliposikia akapanda na binti yake aliyekuwa akinyonyesha, kwa kuwa kwetu maziwa ya mama huwa dawa ya jicho linalowaka.

"Samahani mama," binti akasema kwa haya, "inua uso nikukamulie."

"Kamua mwanangu, leo sina heshima iliyobaki."

Akanidondoshea. Mtoto wake aliyekuwa begani kwa shoga akapiga kelele kama mtu anayeibiwa mchana mbele ya polisi. Sijui ni maziwa, ni kiazi, au ni huruma, lakini nikapata usingizi.

Asubuhi macho yalifunguka kidogo, nami nikapelekwa na shoga mbele ya kile kioo cha kabati nilichokuwa nikijipendea. Uso wote, mashavu, pua, kidevu na paji, ulikuwa umeungua na kuiva kama niliyelala juani, isipokuwa duara mbili nyeupe kuzunguka macho, palipokaa vikombe vya miwani.

"Bundi," shoga akasema kwa heshima.

Siku kadhaa sikutoka kuuza bhajia. Watoto wa mtaa walipanda nyumbani kuziulizia hata hivyo, si kwa njaa. Mume wangu naye alikuwa amekwisha kumtuma mtu amwambie bibi atafute kijana wake wa vinyago. Bibi akajibu kwamba alisema mfungo, na mfungo bado, yeye hapokei ufunguo kabla ya siku yake. Namshukuru mpaka leo kwa ukaidi ule.

Mara macho yalipotulia nilishuka karakana peke yangu, nikatafuta ile ngao ya zamani ya mume wangu, nikapanda nayo, nikamwekea mikononi. Alikuwa kitandani, na uso ukutani.

"Shika hiyo, fundi. Papasa kioo."

Akapapasa. Kidole kikafuata ufa, kikafika kwenye utepe.

"Hiki ndicho kioo chako," nikamwambia. "Mimi nilichagua cha uzuri. Wewe hukuchagua kabisa. Sasa nani kati yetu ni mjinga zaidi?"

Kidole kikaenda na kurudi juu ya ule utepe. Kisha nikaona mabega yanatikisika. Nikaogopa kwamba analia. Kumbe anacheka.

"Sisi sote," akasema. "Ila wewe ndiye bundi. Nipe kanzu, twende dukani."

Nikamshika mkono tukaenda, na shoga nyuma, asingekosa hili kwa dhahabu. Mwenye duka alipotuona, kabla ya salamu, akainua mikono yote miwili.

"Mzee, mimi nilisema!"

"Najua ulisema. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Nipe vioo."

Akapewa. Akavipima uzito kwa vidole, akagonga kimoja kwa ukucha akakisikiliza, akapitisha kidole gumba pembeni kuona kama kimepasuka. Kisha akanipa mimi.

"Tazama taa ya duka kupitia hicho. Waona nini?"

"Naona taa yote, na uso wa huyu bwana."

"Rudisha. Hicho cha gesi. Na hiki?"

"Sioni bwana, sioni duka. Naona uzi wa ndani ya taa tu, mwembamba kama sindano."

"Hicho ndicho. Sasa kioo cheupe, mbele yake, cha kuzuia cheche, kikichakaa tunatupa hicho cha rahisi. Na ngao ya kitwa."

"Ile ndoo?"

"Ile ndoo."

Nikaivaa. Haikukaa, kwa sababu ya kifundo changu cha nywele. Ikaning'inia mbele kama kifuniko cha sufuria lililofura. Ikabidi shoga aniingize nyuma ya makarai ya kubebea saruji, anifungue kifundo, anisuke nywele zilale, anifunge kitambaa cha pamba kwa nguvu hadi nyusi zikapanda. Nikaivaa tena. Sasa ikakaa, na nikainamisha kichwa, ikashuka yenyewe puu! nikawa gizani.

"Nikoje?" nikauliza kutoka ndani.

Nilisikia tu shoga akitafuta pahali pa kushika asianguke.

Glavu za ngozi nikachukua, na ile harufu ya mbuzi wake. Vijiti vinene mwenye duka akakubali kuvibadilisha kwa vyembamba, akiapa kwamba ni kwa ajili ya mzee si kwa ajili yangu. Kutoka hapo tukaenda Biashara Street, kutafuta kanga za kufanyia kazi. Mwenye duka la kanga alitandaza doti nzuri, na mimi nikaanza kutazama maua yake. Mume wangu akaniondoa mkono.

"Ni pamba?" akauliza.

"Pamba tupu, mzee."

"Nipe uzi mmoja wa pindo. Na kiberiti."

"Kiberiti cha nini?"

"Nichome."

"Mzee, umekuja kuninunulia au kuniteketezea duka?"

Lakini alimpa. Uzi ukawashwa na shoga, maana ni yeye aliyekuwa na macho na mikono mitulivu. Ukawaka, ukawa jivu laini, mume wangu akalisugua kati ya vidole. Mwenye duka akataka kumwonyesha kwamba zote ni sawa, akachomoa uzi wa doti nyingine ya bei rahisi. Ule haukuwa jivu. Ulijikunja ukawa kishanga kigumu, vile vile vishanga vilivyokuwa kwenye buibui langu.

"Hii siyo," mume wangu akasema. "Hii yamganda mtu mwilini."

Mwenye duka akaikunja ile doti haraka na kuiweka chini ya nyingine, akatutolea za pamba. Zilikuwa za rangi ya tope. Nilizichukua.

Viatu nilivaa vya mume wangu, vya kazi, nimevijaza vitambaa mbele kwa kuwa mguu wangu ulipotea humo. Basi nitazameni: viatu vya mwanamume, kanga ya tope ya kufunga kifuani juu ya gauni la pamba, ya pili mabegani, mikono ya ngozi ya mbuzi, na kichwa ndoo. Wanaume niliokuwa nikiwavalia buibui walipita kichochoroni bila kujua ndani kuna mwanamke.

Mume wangu aliiweka stuli yake akinipa mgongo, ili mwanga usimfikie, na akaniwekea sheria: ngao ishuke kabla kijiti hakijagusa, hata kwa nukta moja, na mtu yeyote mlangoni ageuke. Kisha akanifundisha kwa sikio. Hapo nikaelewa habari ya mluzi.

"Gusa. Vuta kidogo. Umenata. Bandua. Gusa tena. Mbali, mbali, watema mate. Karibu sana sasa, wakoroma. Hapo! Usitoke hapo!"

Na mimi nikasikia. Ilikuwa sauti ninayoijua kuliko sauti yangu. Ni karai mafuta yakiwa sawasawa, bhajia zimeingia, si baridi hata zikanyonya mafuta, si moto hata zikaungua nje. Mimi sauti ile naijua hata nikiwa nimelipa jiko mgongo nagombana na mteja. Nikaifuata. Ikipanda nasogea, ikishuka navuta.

Mshono wangu wa kwanza ulioshika ulikwenda upande kama mlevi kwenye ukuta wa msikiti. Mume wangu aliupapasa ulipopoa.

"Mbaya," akasema. "Umeshika."

Akaupapasa tena. Akaupapasa mara nyingine akidhani sioni.

Tukaanza grili, ndogo, ya dirisha la jikoni, kwa ajili ya shoga, ambaye alikubali kwa masharti kwamba hatailipia na hatasema nani aliyeitengeneza. Nilikuwa kwenye pembe ya mwisho, mwezi wa Shaabani ukiwa unakwisha, nikaona kivuli mlangoni. Mume wangu akapaza sauti, "Geuka wewe uliye mlangoni!" na kivuli kikageuka. Nilipomaliza pembe nikainua ngao. Alikuwa bibi mwenye chumba, ametupa mgongo, ameshikilia mwimo, ameshuka ngazi zake zote.

"Naweza kutazama sasa?" akauliza akiwa bado ametazama nje.

"Tazama, bibi," mume wangu akasema.

Akaingia. "Pangaboi langu huko juu lakosa umeme, lasita na kuanza, lasita na kuanza, tangu alfajiri. Nikasema ama nakufa mimi ama kuna kazi chini." Akaitazama grili, akainamisha kichwa upande ili ionekane imenyooka. "Ni nani anayechomelea?"

Mimi nikavuta pumzi nijibu, lakini mume wangu alikuwa ameshasimama, kifua mbele.

"Mimi," akasema. "Huyu ni mikono tu."

Nilishusha ngao ile puu! na humo ndani, gizani, nilimwambia mume wangu maneno ambayo mke hamwambii mumewe mbele ya watu, kuhusu mikono, na kiazi, na bundi, na fundi aliyefumba macho. Hakuna aliyesikia ila ile ndoo.

"Kijana wa twiga nimemwambia aende Ngomeni penyewe," bibi akasema. "Ila wakati wangu wa kulala mchana mnipumzishe pangaboi."

"Inshallah, bibi," mume wangu akajibu. Akaketi kwenye stuli yake, akanipa mgongo, akatega sikio. "Haya, wee mikono. Ile pembe ya juu haikuiva. Rudia."

Nikagusisha, nikarudia.